FIDIA YA AJALI: TULITOKA WAPI MPAKA TUKAFIKA KWENYE STIKA YA BIMA?



Ndugu msomaji, Ramadhan Kareem. Najua ukilifungua jarida hili mwezi kama huu unatarajia kusoma habari za Badri, au Lailatul-Qadri, au namna ya kutoa Zakatul-Fitri. Hayo wenzangu wameyaandika, alhamdulillah, kwenye kurasa nyingine. Mimi nimeomba nafasi niandike historia ya jambo ambalo halipendezi kusimuliwa lakini linamgusa kila mtu anayepanda matatu au anayevuka barabara: mtu akigongwa na gari, nani anamlipa, kwa njia gani, na utaratibu huo ulianza lini?

Sababu yangu ni hii. Nilipokuwa Kidato cha Pili, ami yangu alikuwa anatoka Taraweh usiku. Akivuka barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi, matatu ikamgonga. Mguu wa kulia ulivunjika mara mbili. Akiwa bado kitandani hospitali, siku ya tano au ya sita, alikuja kijana mmoja amevaa tai, mpole, akampa pole nyingi, akatoa karatasi ya Kiingereza na kalamu. Akamwambia, mzee, hii ni ya kukusaidia mambo ya hospitali. Ami akatia sahihi, akapewa shilingi 35,000. Miezi minane baadaye, mguu umewekwa chuma na haukunjiki, tukampeleka kwa wakili. Wakili aliisoma ile karatasi kwa dakika moja tu, kisha akaivua miwani. Ilikuwa imeandikwa kwamba ami amepokea malipo yote na ya mwisho, na hatadai chochote tena, si kwa kampuni, si kwa mwenye gari wala kwa dereva.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza, mambo haya yalianzaje? Nimeyafuatilia chuoni, na mengine nilikuwa nimeshayasoma madrasa bila kujua kwamba ni mambo yaleyale.

KABLA YA BIMA KULIKUWA NA AQILA

Waarabu kabla ya Uislamu walikuwa na diya, lakini mara nyingi damu ililipwa kwa damu, na mtu wa kabila kubwa alihesabiwa damu yake ni ghali kuliko ya mnyonge. Uislamu ulipokuja ulitenganisha mambo mawili ambayo watu walikuwa wakiyachanganya: kuua kwa makusudi na kuua kwa makosa. Katika Suratun-Nisaa aya ya 92 Mwenyezi Mungu (S.W.T) ameweka hukumu ya anayeua kwa makosa. Ina sehemu mbili, diya kwa watu wa marehemu isipokuwa wakisamehe, na kafara kwa muuaji mwenyewe, nayo ni kuacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge miezi miwili mfululizo. (Hapa nimkumbushe ndugu yangu dereva: bima italipa fedha, lakini ile miezi miwili hakuna kampuni itakayokufungia.)

Diya kamili ni ngamia 100. Viungo navyo vina hesabu yake, na inajulikana kutoka kwenye ile barua ambayo Bwana Mtume (S.A.W) alimpa Amr bin Hazm alipompeleka Yemen. Kidole kimoja ni ngamia 10, jino ni ngamia 5. Ukitazama vizuri, hilo ni jedwali la fidia ya majeraha, lililoandikwa takriban miaka 1,400 iliyopita.

Sasa swali, masikini aliyemuua mtu kwa bahati mbaya atazitoa wapi ngamia 100? Hapa ndipo inapoingia aqila. Katika Sahihi mbili iko hadithi ya wanawake wawili wa kabila la Hudhayl waliogombana. Mmoja akamrushia mwenzake jiwe, akamuua yeye na mimba aliyokuwa nayo. Bwana Mtume (S.A.W) akahukumu fidia kwa ajili ya kile kijusi, na diya ya mwanamke aliyekufa akaiweka juu ya aqila ya yule aliyerusha, yaani jamaa zake wanaume wa upande wa baba. Mmoja wa jamaa akalalamika kwa maneno ya vina, eti vipi alipiwe ambaye hakula, hakunywa wala hakulia? Malalamiko yake hayakusikilizwa. Hata kabla ya hapo, katika ule mkataba wa Madina, kila kundi liliandikwa kwamba watashirikiana kulipa diya zao.

Sisi huku pwani tuliosoma fiqhi ya Imam Shafi'i tumekariri bila kufikiri kwamba tajiri katika aqila anatoa nusu dinari kwa mwaka, wa wastani robo dinari, na masikini, mwanamke na mtoto hawatoi. Malipo ni kwa miaka mitatu. Asiye na aqila, Baitul-Mali inabeba. Hebu isome tena hiyo sentensi. Watu wengi, kila mmoja kidogo, kwa mafungu ya mwaka, ili msiba wa mmoja usimwangamize aliyesababisha wala aliyepatwa. Huo si mkataba wa bima, kwa sababu hakuna anayeuza na hakuna anayenunua, lakini tatizo lililotatuliwa ni lilelile.

Sayyidna Umar (R.A) alipoanzisha diwani, yaani daftari la askari na posho zao, mfumo ukapanuka. Wanachuoni wa Kihanafi wanashika kwamba tangu hapo aqila ya askari ni wenzake wa diwani moja, hata kama si jamaa zake wa damu. Yaani ushirika wa kazi ukachukua nafasi ya ushirika wa ukoo.

Na iko kisa kimoja cha Umar ambacho nakipenda sana. Yeye alikuwa akiona kwamba mke harithi chochote katika diya ya mumewe, kwa sababu wanaolipa diya ni aqila, basi nao ndio wenye kuipokea. Akasimama sahaba mmoja, Dhahhak bin Sufyan, akamwambia kwamba Bwana Mtume (S.A.W) alimwandikia kumpa mke wa Ashyam Adh-Dhibabi urithi wake kutoka kwenye diya ya mumewe. Umar akaiacha rai yake palepale. Kiweke kisa hiki akilini, ndugu msomaji, maana tunavuka sasa kwenda Uingereza na tutamkuta mume mmoja aliyefiwa na mkewe.

UINGEREZA: BORA UUE KULIKO UJERUHI

Mwaka 1808, mahakama ya London ilisikiliza kesi ya bwana mmoja, Baker, dhidi ya Bolton. Baker na mkewe walikuwa wamepanda gari la farasi la abiria likapinduka. Yeye akaumia, mkewe akaumia vibaya zaidi na akafa hospitali baada ya kama mwezi mmoja. Jaji Lord Ellenborough akaamua kwamba katika mahakama ya madai, kifo cha binadamu hakiwezi kulalamikiwa kuwa ni hasara. Baker akapewa pauni 100 kwa majeraha yake mwenyewe na kwa kukosa msaada wa mkewe, lakini ni mpaka siku ile alipokata roho tu. Baada ya hapo, hakuna kitu.

Fikiria maana yake. Ukimvunja mtu mguu, unalipa. Ukimuua kabisa, umesalimika! Na hii ndiyo sheria iliyokuja kutawala sehemu kubwa ya dunia.

Kilichoivunja ni reli. Treni zilipoanza kuua watu kwa wingi, majaji wa vifo na baraza zao walifufua sheria moja kongwe iitwayo deodand, ambayo inasema kitu kilichoua mtu kinatwaliwa au kulipiwa thamani yake. Mkesha wa Krismasi mwaka 1841, treni ilipata ajali kwenye bonde lililochimbwa la Sonning, wakafa wafanyakazi waliokuwa wakisafiri kwenye mabehewa ya wazi, na ile injini ikatozwa deodand ya pauni 1,000. Kampuni za reli zikaona hatari. Mwaka 1846 Bunge likapitisha sheria mbili kwa pamoja. Moja ilifuta deodand, na nyingine, iliyosukumwa na Lord Campbell, ikawapa mke, mume, wazazi na watoto wa aliyeuawa haki ya kudai fidia. Yaani haki aliyopewa mke wa Ashyam kwa barua moja, Waingereza walifikia kitu cha kufanana nayo mwaka 1846.

Siandiki hivi kwa kujigamba. Wao walichelewa lakini walipoanza walikwenda mbio, na sisi tuliokuwa na aqila tuliiacha ikabaki kwenye vitabu. Miaka miwili mitatu tu baada ya sheria ya Campbell, kampuni moja ya London ilikuwa inauza bima ya ajali ya treni dirishani pamoja na tiketi. Daraja la kwanza peni 3, la pili peni 2, la tatu peni 1. Hapo ndipo bima ya ajali kwa mtu wa kawaida ilipoanza kuzoeleka.

Kisha likaja gari. Tarehe 17 Agosti 1896, huko Crystal Palace, London, mama mmoja aitwaye Bridget Driscoll aligongwa na gari la maonyesho akafa, na anatajwa kuwa mtembea kwa miguu wa kwanza Uingereza kuuawa na gari la petroli. Baraza likasema ni bahati mbaya, na ofisa aliyesimamia uchunguzi akatumaini kwamba jambo kama hilo halitatokea tena. Subhanallah.

Kufikia miaka ya 1920 shida ilikuwa ni moja. Mtu anashinda kesi, anapewa hukumu nzuri, lakini dereva aliyemgonga hana hata suruali ya pili. Hukumu inabaki karatasi. Jimbo la Massachusetts huko Marekani likalazimisha bima kwa wenye magari kuanzia 1927, na Uingereza ikafuata kwa Sheria ya Barabara ya 1930. Usiweke gari barabarani mpaka uwe na bima ya kumlipa mtu utakayemuumiza. Kwenye mkataba huo mwenye gari ni mtu wa kwanza, kampuni ni mtu wa pili, na wewe uliyegongwa ndiye mtu wa tatu. Kwa hivyo jina "bima ya mtu wa tatu", hicho ambacho matopo wa matatu wanakiita thadi pati, maana yake ni bima aliyoinunua mwingine kwa ajili yako, ingawa hakujui na hujui jina lake.

SHERIA INAVUKA BAHARI

Hapa kwetu tarehe ya kukumbuka ni 12 Agosti 1897. Sheria za kawaida za Uingereza zilizokuwepo siku hiyo ndizo zilizopokelewa kuwa msingi wa mahakama zetu, na mpaka leo Sheria ya Mahakama ya Kenya inaitaja tarehe hiyo. Makadhi wa pwani waliendelea na kazi, lakini uwanja wao ulibanwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 170, inawapa hadhi ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi, baina ya Waislamu. Diya haimo. Kwa hivyo hata kama aliyegonga ni Muislamu na aliyegongwa ni Muislamu na ajali imetokea mlangoni mwa msikiti, kesi inakwenda kwa hakimu, na itahukumiwa kwa sheria ya uzembe.

Katikati ya miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilileta sheria ya bima ya magari iliyoigwa kutoka ile ya Uingereza ya 1930. Ndiyo hii tunayoiita Sura ya 405. Vilevile tuna Sura ya 32, Sheria ya Ajali za Vifo, ambayo ni mjukuu wa ile ya Lord Campbell, na ukiisoma utawakuta walewale: mke, mume, mzazi, mtoto. Kaka na dada hawamo. Nimewaona ndugu wa marehemu wakigombana mahakamani kwa kutolijua hili.

Magari yalikuwa machache wakati huo. Mambo yalibadilika mwaka 1973, Mzee Kenyatta aliporuhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalum. Matatu zikajaa kila mahali, na kampuni za bima zikaanza kushindania hizo ada. Wengine walitoza kidogo mno wapate wateja wengi, na madai yalipokuja fedha haikuwepo. Shirika la serikali, Kenya National Assurance, lilianguka mwaka 1996. United Insurance, iliyokuwa na matatu nyingi sana, iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005. Blue Shield ikafuata 2011. Kampuni ikiwekwa chini ya msimamizi, malipo ya madai husimamishwa, na wajane na mayatima wakakaa miaka na hukumu zao mikononi. Wenye matatu nao, ambao ada walikuwa wameilipa kihalali, wakaanza kufuatwa na madalali wa mahakama kuja kuuza gari na kochi la nyumbani. Katika historia yote niliyosoma, sehemu hii ndiyo iliyoniuma zaidi, kwa sababu kila mtu alifanya alichoambiwa na bado akadhulumika.

Serikali ilijibu kwa mambo mawili. Mwaka 2003 Waziri John Michuki alitoa kanuni zake, zikaanza kushikwa sawasawa Februari 2004: mikanda, na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Hiyo ya kupunguza ajali. Ya pili, mwaka 2006 Sura ya 405 ilirekebishwa, ikawekwa dari: kampuni ya bima halazimiki kulipa zaidi ya shilingi milioni 3 kwa dai la mtu mmoja. Makampuni yakapumua. Lakini aliyepooza mgongo na mahakama ikampa milioni 8, hizo 5 zilizobaki azitafute kwa mwenye gari, na sisi tunawajua wenye matatu.

Nchi nyingine zilichukua njia tofauti kabisa. New Zealand kuanzia Aprili 1974 iliondoa kesi nyingi za majeraha, kuna mfuko wa taifa unaolipa bila kuuliza nani mwenye kosa. Afrika Kusini mfuko wao unatolewa kwenye bei ya mafuta, kila anayejaza tangi anachangia. Nikisoma hayo akili yangu inarudi kwenye Baitul-Mali.

NA HUKUMU YA BIMA YENYEWE?

Najua kuna msomaji ameshaanza kunung'unika: si bima ni haramu? Mjadala huo nao una historia. Ibn Abidin wa Damascus, Mhanafi aliyefariki 1836, alikuwa miongoni mwa wanachuoni wa mwanzo kuandika juu ya bima ya mizigo ya meli, ambayo wafanyabiashara wa Kizungu walikuja nayo na yeye anaiita "sukra". Aliikataa. Mwaka 1985 Baraza la Fiqhi la Kiislamu huko Jeddah likatoa uamuzi kwamba bima ya biashara yenye ada ya kudumu haifai kwa sababu ya gharari iliyomo, na badala yake ni bima ya ushirika ambayo msingi wake ni kuchangiana. Sudan walikuwa wameanza kampuni ya namna hiyo tangu 1979, na Malaysia ikatunga sheria ya takaful mwaka 1984. Hapa Kenya kampuni ya kwanza ya takaful ilipata leseni mwaka 2011.

Lakini angalia, huo ni mjadala wa anayenunua. Wewe uliyegongwa hukununua kitu. Fidia yako ni haki juu ya aliyekuumiza, na kampuni inalipa deni lake. Masheikh niliowauliza hawakuona tatizo kwa majeruhi kupokea. Tusimnyime mjane haki yake kwa mas-ala ambayo hayamhusu.

UKIPATIKANA NA AJALI LEO

Sasa nishuke barabarani. Sheria hii ina mitego, na kila mtego una historia yake kama tulivyoona.

Kwanza elewa kwamba hapa Kenya humshtaki bima. Unamshtaki mwenye gari na dereva, unathibitisha uzembe, unapata hukumu, kisha ndiyo kifungu cha 10 cha Sura ya 405 kinailazimisha kampuni kuilipa ile hukumu. Ikikataa, unafungua kesi ya pili dhidi ya kampuni yenyewe. Watu wengi hawajui kwamba kesi ni mbili, wanashinda ya kwanza wanapika pilau. Na kuna sharti: kampuni lazima ipewe taarifa ya kesi kabla haijafunguliwa, au ndani ya siku 30 baada ya kufunguliwa. Isipopewa, haidaiwi. Hiyo ni kazi ya wakili, lakini si vibaya ukamuuliza, "Wakili, ile notisi ya bima imekwenda?" na ukaomba nakala.

Muda wa kufungua kesi ni miaka mitatu tangu siku ya ajali, na kwa aliyekufa, miaka mitatu tangu siku ya kufa. Gari likiwa la Serikali ni miezi 12 tu. Usidanganyike na mazungumzo. Unaweza kuzungushwa na barua tamu, njoo Jumatatu, njoo mwisho wa mwezi, mpaka siku moja unaambiwa muda umekwisha, na kweli umekwisha.

Karatasi za kushika ni hizi: abstrakti ya polisi, ambayo ndani yake imeandikwa nambari ya gari, kampuni ya bima na nambari ya cheti, fomu ya P3 aliyoijaza daktari, karatasi zote za hospitali na risiti, hata ya panadol, na cheti cha NTSA kuonyesha gari ni la nani. Kama una simu na una uwezo pale pale, piga picha ile stika kwenye kioo cha mbele. Siku hizi cheti cha bima kimeingizwa kwenye mtandao na polisi wanaweza kukihakikisha, kwa hivyo stika ya kughushi inajulikana upesi kuliko zamani.

Nani analindwa? Mtembea kwa miguu, mwendesha baiskeli, aliye kwenye gari lingine, na abiria aliyelipa nauli. Hata matatu ikiwa imejaza mpaka watu wananing'inia mlangoni, au breki zake ni mbovu, kampuni haiwezi kumwambia majeruhi kwamba mkataba ulikataza hayo. Inakulipa wewe, kisha ikavutane na mteja wake. Lakini dereva mwenyewe si mtu wa tatu. Akiumia kwa kosa lake, bima hii haimpi chochote, wala gari lake haitengenezi. Na sikiliza vizuri hapa: mtu aliyepewa lifti ya bure kwenye gari la binafsi hayumo kwenye ile bima ya lazima. Sheria inalazimisha kulinda abiria wa kulipa na wale wanaobebwa kwa ajili ya kazi. Lifti ya kwenda maziko, lifti ya kwenda harusini Lamu, huko tunajitia wenyewe mikononi mwa Mwenyezi Mungu na mwa mkataba wa mwenye gari. Kama una gari na unabeba jamaa, uliza ada ya kuongeza abiria ni ngapi.

Bodaboda ni jambo la kuandikiwa makala yake. Pikipiki nyingi zina bima ya matumizi ya binafsi kwa sababu ni rahisi, halafu asubuhi mpaka usiku zinabeba watu kwa nauli. Hapo kampuni inapata mlango wa kutokea, kwamba mkataba haukuwa wa biashara. Kijana mwenzangu unayeendesha, hiyo mia chache unayookoa, siku ya siku utaitafuta.

Madai yasiyozidi milioni 1 yana mahakama ya madai madogo tangu sheria ya 2016, ambako mtu anaweza kujisimamia bila wakili na kesi inatakiwa iishe kwa siku 60. Makubwa yanakwenda kwa hakimu, ambaye kwa sheria ya 2015 anaweza kuhukumu mpaka milioni 20 akiwa hakimu mkuu. Ukiwa na sehemu ya kosa, mfano ulivuka bila kuangalia, hakimu anakukata asilimia yake, hakufukuzi.

Na ile karatasi. Mawakili wanaiita dischaji vaucha. Si dhambi kutia sahihi, wakati mwingine malipo nje ya mahakama ni bora kuliko miaka minne ya kuahirishwa. Lakini isitiwe hospitalini, isitiwe kabla daktari hajasema mguu utakuwaje, na isitiwe kwa lugha usiyoielewa. Mahakama inaweza kuitengua ukithibitisha hadaa au kulazimishwa. Kuthibitisha ni juu yako, na yule kijana wa tai hutamwona tena.

Ami yangu tulijaribu. Shahidi pekee alikuwa mgonjwa wa kitanda cha pili, naye tulipomtafuta alikuwa ameshafariki. Wakili akasema kwa ukweli, bila shahidi sitawachukulia fedha zenu bure. Miaka mitatu ikapita. Ami mpaka leo anaswali kwenye kiti, safu ya nyuma, karibu na mlango, na ile karatasi ameitunza pamoja na picha za eksirei kwenye bahasha moja. Mwezi wa Rajabu nilikwenda kumsalimia nikamwomba nimsomee, mstari kwa mstari, kwa Kiswahili. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama mtu anaweza kuandika hivyo kwenye karatasi na asiwe amesema uongo.

Sikuwa na jibu. Akanituma nikamletee maji ya kutawadha, adhana ya Magharibi ilikuwa imekaribia.

Wabillahi tawfiiq.